Mwili wa Saizi ya Kati

Kiwandani walimwita Dada Kipimo. Cheo hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni mwili, na mwili huo ndio uliokuwa saizi ya kati ya kila sweta la kike lililotoka mlangoni pale.

Biashara ilianzia sebuleni, mashine moja ya kufumia ikiwa imebanwa ukingoni mwa meza ya kulia, hata familia ikawa inakula sahani mapajani. Mama alifuma. Baba alizunguka kuuza, na kwa maneno yake matamu aliwauzia watu masweta ya mikono mirefu katikati ya joto. Siku moja mteja aliyeagiza kadigani hakutokea kuijaribu. Mama akamvuta bintiye mkubwa, akamsimamisha juu ya kigoda, akamvalisha, akaanza kubana pini. Kadigani ile iligombewa. Basi ikawa ndiyo hivyo. Sebule ikawa banda, banda likawa kiwanda chenye bango, baba akafariki, na binti bado yuko juu ya kigoda mpaka kaota mvi.

Kuolewa aliolewa, ila kuzaa kulimletea kesi. Mimba ya kwanza ilipoanza kuonekana, mama alifoka kana kwamba kavunjiwa mashine: "Sasa pini nimbane nani, bwana'ko?" Watu wakacheka. Yeye pia alicheka.

Kisha hospitalini wakamwondoa titi la kushoto. Alimshukuru daktari, akarudi nyumbani, akakunja nguo. Hakulia. Watu walimsifu eti ana moyo mkubwa, kumbe hapakuwa na moyo wala nini. Alikuwa kama mtu aliyeulalia mkono, anasubiri ganzi iondoke, nayo haiondoki.

Mama aliambiwa ni uvimbe wa tumbo. Wasimpandishe presha, walisema. Ukweli ni kwamba Dada Kipimo aliogopa kushushwa kigodani, kwa sababu katika familia ile hakuwahi kuwa kitu kingine. Aliyejua ni mdogo wake wa kiume, bosi wa sasa. Naye, badala ya kusema neno, alinunua sanamu la plastiki la kuvalishia nguo, likasimama pembeni likiwa bado na nailoni lake.

"Hilo halipumui," mama alisema. Macho yake yalikuwa yamekwisha, alipima kwa vidole. "Nitajuaje kama linabanwa? Niitie mwanangu."

Akaja. Upande wa kushoto wa sidiria alikuwa amejaza mabaki ya sufu, akayapapasa mpaka yakalingana na upande wa pili. Akapanda kigodani. Sweta jipya lilikuwa jeupe. Mama alianzia mabegani.

"Umekonda. Huko hospitalini hawapiki?"

"Wanapika, mama, ila chumvi wanaificha."

Mama akacheka puani. Vidole vikashuka hadi kwapani, upande wa kushoto, akabana pini. Dada Kipimo alikuwa akitazama feni. Alipomwona mdogo wake amebadilika uso, akainama kutazama: doa jekundu lilikuwa likitanuka kwenye sweta.

Mkono wa mama ulikuwa umesimama.

"Nimekuchoma."

"Hapana, mama."

"Pini imeingia kwenye nyama, mimi naijua nyama. Mbona hukushtuka?"

Vidole vya mama vikasogea kifuani taratibu, vikaiminya ile sufu, vikatulia.

"Lini?"

"Wakati ule wa uvimbe."

"Na mimi mkanidanganya tumbo."

Mama akamvua sweta kwa kulipitisha kichwani, kama mtoto anayekwenda kuogeshwa, akamfunika kwa shali yake mwenyewe.

"Shuka, mwanangu. Umesimama vya kutosha." Kisha akamgeukia bosi. "Haya, lifungue hilo sanamu lako."

Nailoni likachanwa. Dada Kipimo alikaa kitini, akanywa maji aliyopewa. Mama akalivalisha sanamu sweta lile lile lenye doa, akalipapasa bega, akalivuta kidogo, akalipangusa vumbi shingoni kwa kiganja. Hapo wivu ukampanda Dada Kipimo, wivu wa plastiki, ukamuuma hasa, akaangua kilio mbele ya mafundi wote. Mama yake alimsikia. Hakugeuka, maana pini alikuwa nazo mdomoni na mikono yote miwili ilikuwa kazini.