Wiki za Dengu Gerezani

Nilitoka Kisarawe nikaingia Dar na sufuria mbili. Shule niliishia darasa la pili, na anayesema mtu hajengi nyumba kwa wali na maharage aje Mbagala nimwonyeshe bati zangu. Lakini liko jambo moja sikulitoa kwetu wala sikulibuni mwenyewe. Nilifunzwa na Wahindi wa Mchafukoge. Nalieleza lilivyokuwa, maana vijana wa siku hizi wanadhani Mhindi na Mswahili wa mjini walijuana dukani tu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa, mitumba ikamwagwa Mchikichini, na Kariakoo kila mtu akawa na kitu cha kuuza. Kabla ya hapo tulikuwa tunapanga foleni ya sukari na sabuni, na jirani alikuwekea jiwe la kukushikia nafasi kwenye mstari ukienda kunyonyesha mtoto. Foleni zilipokwisha, na kuwekeana mawe kukaisha. Kila mtu na lake. Mimi sikulalamika, nilikuwa na langu. Nilikuwa mama ntilie mtaa wa Gerezani, napikia mafundi wa magari na wauza spea, na nafasi yangu kwenye kivuli cha ukuta wa gereji ilitamaniwa na wengi. Pale ukikosekana siku chache tu umekwisha. Mwingine anapanga mafiga yake juu ya majivu yako, na hakuna wa kumshtaki.

Nilipanga chumba cha uani, nyumba ya ghorofa Mchafukoge. Juu walikaa Wahindu watupu, wale wasiogusa nyama, samaki wala yai. Tulisalimiana kwenye ngazi, basi. Mkubwa wao alikuwa bibi mjane, mwembamba, siku zote na sari nyeupe. Watoto wa jengo walimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao, nasi wa uani tukamwita hivyo hivyo.

Kila kiangazi walitengeneza papadi juu ya paa, vile vimkate vyembamba kama karatasi. Unga wake ukishakandwa huwa mgumu, lazima utwangwe kwa mchi wa chuma mpaka ulegee. Mwenye kazi siku hiyo haendi kumwita mtu. Anaanza kutwanga tu. Wanawake wa jengo zima, na wa jengo la pili, wakisikia mdundo wanapanda, kila mmoja na kibao chake cha chapati kwapani. Wanakaa chini, wanasukuma papadi za mwaka mzima za nyumba ile, wanaanika, wanashuka. Kesho mdundo unasikika kwa mwingine.

Nilidhani ni vibarua. Nikamuuliza mke wa fundi saa wa ghorofa ya kwanza, mwanamke mcheshi, mzaliwa wa Tanga, aliyekijua Kiswahili kunishinda, wanalipana kiasi gani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Dada," akasema, "wewe ukijikuna, unajilipa?"

Nikaona ni mambo yao. Wameishi hapa vizazi na bado wanaitwa wageni, lazima washikane. Sisi tuko kwetu, tuna matanga na harusi, inatosha.

Halafu asubuhi moja mafuta ya kukaangia samaki yakanimwagikia mkono wa kulia, toka kiwiko mpaka vidole. Hospitali walinifunga bendeji, wakanikataza kukaribia moto mpaka ngozi irudi. Nilikaa chumbani nikiwaza Gerezani. Alikuwepo mwenzangu, mama ntilie wa kona ya juani, ambaye macho yake hayakuwahi kutoka kwenye kivuli changu. Angehamia mara moja. Ndugu zangu walikuwa Kisarawe, wapangaji wenzangu walikuwa na biashara zao, na mimi kumwomba mtu sikuwa nimezoea.

Kesho yake Ba aligonga mlango, nyuma yake mke wa fundi saa. Hakunisalimu. Alisema, "Leo kinu chako kimya."

Kila alfajiri nilikuwa natwanga vitunguu saumu na pilipili. Kumbe juu walikuwa wananisikia miaka yote. Kwao jiko la jirani likinyamaza, mtu anashuka kuangalia kuna nini. Nikawaonyesha mkono, nikasema nitapona, asanteni. Wakasemezana Kigujarati kwa kirefu, kisha mke wa fundi saa akanieleza kana kwamba mambo yameshaamuliwa: leo atapika Ba, kesho yeye, keshokutwa nyumba ya juu yake, mpaka mkono upone. Nikauliza samaki atakaanga nani.

"Samaki hakuna," akasema. "Nyama hakuna. Sufuria zako nazo hatuzigusi, zimepikiwa nyama. Tutapika tunachokijua, ndani ya zetu."

Niliwaambia ukweli. Fundi anayebeba injini, ukimpa wali bila kitoweo cha maana, anaona umemtukana. Watanikimbia wote. Ba akauliza, nikilala humu ndani, hawatanikimbia? Nikatoka kutafuta mkokoteni.

Chakula kilipoiva tukapakia: wali, dengu, chapati, achari ya embe. Kulikuwa na shida nyingine sikuiwaza. Mkono wa kulia umefungwa, na mtu hapakuliwi chakula kwa mkono wa kushoto, kwetu wala kwao. Basi Ba alipakua mwenyewe. Alivua ndala akaketi kwenye kigoda changu, sari nyeupe katikati ya magurudumu na oili chafu, upawa mkononi. Mafiga ya mwenzangu nilikuta yameshasogea mpaka ukingoni mwa kivuli. Mwenyewe alishika kiuno akaniuliza kama nimefungua hoteli ya Kihindi.

Mafundi walisimama mbali kidogo. Mmoja, mpiga rangi, akasema, "Mama, leo ng'ombe kagoma?"

Nikamwambia ng'ombe yuko likizo, ale au apite. Mwenzake akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa."

Ba hakuinua kichwa. "Kiatu nimevua," akasema. "Leo dawa chapati. Wewe nawa mikono kwanza."

Kicheko kikamgeukia yule bwana. Akaenda kunawa, tena kwa sabuni. Aliporudi alitoa shikamoo, Ba akaitika marahaba, akamjazia sahani. Sitadanganya kwamba walifurahi. Walikula wamenuna, na wengine walihamia kwa mwenzangu kufuata samaki. Lakini wa kutosha walibaki, na pale mahali palikuwa na mtu ameketi.

Ikawa hivyo wiki kadhaa, kila siku jiko la nyumba nyingine. Mkwe wa Ba alipakua amejifunika mpaka machoni kwa haya, na siku yake mafundi walikula kimya kama wako msikitini. Dengu za mke wa fundi saa zilikuwa na pilipili ya kumtoa mtu machozi; mpiga rangi alilia, akaomba nyongeza. Siku moja niliweka bakuli la dagaa pembeni ili kurudisha wateja. Mke wa fundi saa aliweka upawa chini akaniambia nichague, yeye au dagaa. Nikaondoa dagaa.

Nilipopona nilipanda juu na doti za khanga. Ba akaniuliza, hizi zawadi au malipo? Kama malipo nirudi nazo. Nikasema zawadi. Akazipokea.

Mwaka uliofuata mwenzangu wa kona ya juani alijifungua kwa shida, wakamlaza hospitali. Asubuhi ile akaja mgeni na sufuria mpya, akaniuliza ile kona ina mwenyewe. Nikamjibu anaye. Nikawaambia mama ntilie wengine, leo mimi, kesho wewe, keshokutwa yule. Mmoja akanikumbusha huyu ndiye aliyekuwa ananitolea macho. Nikamwambia simpikii kwa kumpenda. Nikawasha moto kwenye mafiga yake, na wateja wake wakanisema kwamba chumvi sijui kuweka.

Aliporudi alikuja na kichanga mgongoni. Alisimama akatazama sufuria, akafunua, akaonja.

"Wali wako mbichi," akasema.

"Kaa chini unyonyeshe," nikamwambia. "Kesho utauivisha mwenyewe."

Akakaa.