Filamu ya Mlango Uliofungwa

Nakumbuka Jumapili moja pale Shituru, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, mwanangu, ukumbi wetu wa sinema ulipokuwa karibu kugeuzwa ghala. Mkuu wa kambi alisema atakuja mwenyewe kuona kama watu bado wanaupenda. Nami, msichana niliyeongoza klabu ya sinema, nilikuwa na filamu moja tu: kichekesho kifupi cha miaka ile picha zilipoanza kusema.

Nilikaribia kulia. Vijana wetu walitaka filamu za kupigana. Asubuhi ile Papa Ilunga, mzee aliyeendesha mashine, alinionyesha filamu yenyewe tukiwa wawili, kisha akaniuliza:

"Muongozaji aliweka kamera wapi?"

"Inje ya mulango, papa."

"Na mambo iko wapi?"

"Ndani."

"Voilà! Ule muntu iko na akili. Anakuachia weye kazi ya kuona."

Kweli. Katika filamu ile bwana mmoja anaziba paa linalovuja, na mama mkwe amelala chumba kilekile. Muongozaji hatuingizi ndani. Anatupa mlango tu, na mkewe anayesikiliza nje ya chumba: ngazi inateleza, sufuria zinaanguka, halafu kimya kirefu. Kisha tone moja la maji: to! Wenzake wa enzi ile, kwa ugeni wa sauti, walijaza maneno kila pembe. Yeye aliitumia sauti kama chumvi, kidogo tu.

Mchana ukumbi ukajaa. Filamu haijaenda mbali, kijana mmoja akapaza sauti: "Toa hii ya kizee! Tunataka ya kupigana!"

Nilisimama. "Mufunge macho kidogo, musikilize."

Wakafunga, wakinung'unika. Sufuria zikaanguka. Kimya. To! Wakafumbua macho, wakamkuta mke anafungua mwavuli, taratibu, ndani ya nyumba.

Lo! Kicheko kile! Wauza samaki wa ziwa la Tshangalele walishikana mabega, mkuu wa kambi akajifuta machozi kwa tai. Yule kijana alipanda juu ya benchi: "Encore, mama! Rudisha!" Tukarudisha, na tena.

"Ghala tutatafuta kwingine," mkuu akasema, na ukumbi mzima ukashangilia.

Basi, mwanangu unayepiga filamu kwa simu, usidharau kazi ya kale kabla hujaiuliza ilifanywaje. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Usituonyeshe kila kitu. Tuamini, nasi tutaona. Mungu akupe jicho lenye subira, na watu wengi wa kucheka nawe.