Fundi Mahrous na chetezo kisichotoa moshi

Saa tatu ya asubuhi, na Fundi Mahrous bin Thani keshakasirika. Mbele yake, katika duka lake dogo nyuma ya soko la mji wa Ibra, Oman, kipo chetezo cha umeme kilichoganda sukari nyeusi. Anaikwangua kwa kisu cha mezani. Hiki ni cha tano tangu Jumamosi, na leo ni Jumanne.

"Andika, mwandishi," anasema bila ya kuinua uso. "Sahani hii imetengenezwa itiwe kipande cha udi mkavu. Watu wetu wanatia udi wa sukari. Unayeyuka, unaingia kwenye waya, waya unaungua. Halafu mimi ndiye naulizwa kwa nini umeme wa Ibra ni mbovu."

Udi wa sukari ni ule uliosagwa ukapikwa na sukari, mawaridi na miski. Familia zilizotoka Unguja zilikuja nao Oman, na kila nyumba inaamini wa kwake ndio udi, wa jirani ni uchafu tu. Juu ya kaa la moto hauna taabu. Juu ya sahani ya umeme ni balaa.

Chai haijapoa, anaingia Bi Rahila, mama wa mtaa wa pili, na mfuko wa plastiki mkononi.

"Fundi, hujambo? Mashine yako imekufa."

"Sijambo, Bi Rahila. Si yangu, umeinunua Dubai. Umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu. Wageni wako mlangoni, nayo inachelewa kupata moto. Nikaisaidia."

"Umeisaidia kwa nini?"

"Kwa kaa moja tu. Dogo."

Fundi anafumba macho. Anauliza polepole kama ni kweli ametia kaa la moto juu ya mashine ya umeme, na Bi Rahila anamjibu kwamba asifanye makubwa, kaa lenyewe lilikuwa linakaribia kuzima. Anaiacha mashine mezani na kusema atapita Alhamisi.

"Unaona?" anasema Mahrous, yule mama akishaondoka. "Na huyo si wa kwanza. Wa kwanza yumo nyumbani mwangu."

Mahrous, mwenye miaka hamsini na minne, alizaliwa Tabora na akajifunza kutengeneza redio huko huko. Alikuja Oman mwaka 1974. Leo anatengeneza pasi, mapanga boi na vyetezo, na mwezi ukiwa mzuri anapata kama rial mia na themanini. Anasema vyetezo ndivyo vinavyomlisha na ndivyo vitakavyomuua.

Cha umeme alikiona mara ya kwanza mwaka 1992, mtu kakileta kutoka Dubai. Alifurahi, na si kwa sababu ya biashara. Alifurahi kwa sababu ya dada yake.

Bi Kaltham, dada huyo, ana miaka sitini na sita. Ndiye aliyemlea Mahrous tangu mama yao alipofariki, mdogo wake akiwa na miaka saba. Ana pumu. Moshi wa chetezo ukimfikia tu, kifua kinambana. Mwaka 1997, katika harusi moja ya Sur, alitolewa ukumbini amebebwa kabla ya bibi harusi hajatoka. Tangu siku hiyo akawa haingii nyumba yenye harusi.

"Mwanangu wa kiume alipooa," anasema Mahrous, "dada alikaa ndani ya gari, vioo juu, saa tatu nzima. Tukampelekea sahani ya biriani, akala huku ameipakata. Mtu aliyenilea anakula harusi ya mwanangu garini kama dereva. Mimi niliona haya, wallahi."

Alidhani umeme ungemaliza tatizo. Haukumaliza. Vyetezo vya Dubai vinapata moto mno, udi unaungua na moshi ni ule ule. Ndipo akaanza kutengeneza chake, jioni baada ya kufunga duka.

"Harufu inapanda kabla ya moshi," anaeleza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inatulia. "Moto ukiwa mdogo, udi unatoa roho yake tu. Ukizidi, unaungua. Hapo katikati ndipo pa kusimama. Lakini pembamba, bwana."

Cha kwanza alikitengeneza mwaka 1999 kwa bapa la pasi lililogeuzwa juu chini, nacho kikaunguza udi na meza. Cha pili alitumia kipasha moto cha kahawa. Hicho hakikutoa moshi, na harufu pia hakikutoa. Kwa miaka miwili alijaribu kila kitu kilichopita mikononi mwake: majani ya zaatari ambayo watu hujifukizia mafua, majani makavu ya mrehani, lubani, mkaratusi. Aligundua kwamba kila kimoja kina moto wake, na kwamba kinachohitajika ni kitu cha kuuzuia moto usipande.

Kitu hicho kilikuwamo dukani siku zote. Ni thamostati, kile kidude cha pasi kinachokata moto nguo isiungue. Akakiunga chini ya kibakuli cha udongo anachoagiza kwa wafinyanzi wa Bahla, ambacho hutolewa kikaoshwa sukari ikiganda. Mwaka 2002 kikafanya kazi. Chumba kikanukia, na macho hayakuona kitu.

Hapo ndipo lilipo tatizo.

Ametengeneza kumi na tisa. Aliuza sita, na vinne vimerudishwa. Mteja mmoja wa Nizwa alikirudisha kwa teksi, kikapitia Bidbid kikiwa na karatasi iliyoandikwa: hakifanyi kazi, hakitoi moshi.

"Nikampigia simu. Nikamuuliza, chumba kinanukia? Akasema kinanukia sana, mpaka majirani wameuliza. Sasa ubovu uko wapi? Akasema, moshi hauonekani." Mahrous anapiga paji la uso. "Watu wananusa kwa macho."

Mkewe, Bi Dalal, mzaliwa wa Unguja mjini, hana haya kukiri kwamba naye alikuwa upande wa wateja. Tulimkuta nyumbani akipika udi wa harusi ya binti yao Israa, itakayokuwa Alhamisi ya wiki ijayo.

"Mwanangu, mie nimekuta chetezo kina moshi," anasema. "Bibi harusi anasimama juu ya chetezo, moshi unamwingia nguoni, watu wanauona. Sasa huyu baba Israa ananiletea kibakuli kimya. Nitajuaje kama mtoto kafukizwa?"

Kwa sababu hiyo mambo yaliharibika siku ya akdi, ndoa ilipofungwa, wiki tatu zilizopita. Mahrous aliweka vyetezo vyake vinne katika chumba cha wanawake na akapiga marufuku makaa. Bi Kaltham, aliyetoka Nizwa kwa ajili ya siku hiyo, akaingia. Akakaa karibu na mlango, ameshika pampu yake ya pumu, na pua ameiziba kwa mtandio. Watu walikuja kumwamkia na baadhi yao walilia, kwani hawakumwona katika shughuli kwa miaka saba.

Alikaa dakika kumi na mbili. Bi Dalal aliangalia huku na huku, hakuona moshi, akaona aibu mbele ya wageni, akamwashiria mtu jikoni. Likaja kaa moja. Likawekwa ndani ya kile kibakuli cha Bahla, na udi juu yake.

"Kaa moja tu," anasema Bi Dalal, akitazama sufuria yake. "Nilifikiri moja haliwezi kumdhuru."

Bi Kaltham alitoka akikohoa, akarudi Nizwa bila ya kuaga. Mahrous hakusema na mkewe siku tatu. Siku ya nne alisema, na Bi Dalal anasema ingalikuwa bora angalinyamaza.

Aliyepata njia ni Israa, mwenye miaka ishirini na mbili, mwalimu wa shule. Kiswahili chake anakichanganya na Kiarabu, lakini alilotaka alilifanya.

"Mimi nimechoka na kelele zao, yaani khalas," anasema. "Baba anapiga kelele kuhusu moto, mama anapiga kelele kuhusu moshi. Nimechukua nguo yangu ya harusi, nimeweka juu ya mashine ya baba usiku moja, udi ya mama ndani. Asubuhi nimepeleka Nizwa kwa shangazi."

Bi Kaltham anaikumbuka asubuhi hiyo. Kwa simu anasema mwanzo alikataa kuigusa ile nguo, akachukua pampu kwanza. Kisha akaisogeza kidogo. Kisha akaifunika uso mzima.

"Kifua kimya," anasema. "Miaka saba, mwanangu, udi ukipita mimi nakimbia. Nilikuwa nimeshasahau unanukiaje. Nililia kama mtoto. Halafu nikampigia wifi yangu nikamwambia ukweli, udi wake umepungua mawaridi."

Sasa Mahrous ana vyetezo vinane mezani, vyote kwa ajili ya Alhamisi ya harusi. Amevifunga kwa skrubu ndogo kifuniko chenye matundu, harufu ipite na kaa lisiingie. Baada ya harusi anataka kuvipeleka Muscat avionyeshe kwa wenye maduka, ingawa hana hakika kama kuna mtu atanunua kitu asichokiona. Hilo anasema litangoja. Anachotaka kwanza ni dada yake akae ndani mpaka Israa atoke.

Skrubu hizo huenda zisihitajike. Tulipoaga, Bi Dalal alikuwa bado jikoni, anamimina maji ya mawaridi, chupa ya pili, na uso ameukunja.

"Miaka saba hajaunusa udi wangu, na siku ya kwanza anautia kasoro," alisema. "Mwambieni aje. Nimeshawaambia wote, kaa halivuki mlango huu. Atakaa ubavuni pangu, aunuse mpaka mwisho wa shughuli, kisha aniambie tena umepungua nini."