Ukurasa wa Tatu

Nimekana miaka mingi, lakini ni kweli: nilikuwa nakosea kwa makusudi. Juzi, kwenye piano ya stesheni moja hapa London, nilimwona mtoto akihangaika na kipande kilichomzidi, nikaona haya kana kwamba ni mimi.

Kipande changu alinichagulia baba, kigumu mno kwa mtoto wa miaka minane. "Siku utakayokipiga bila kukosea, mwanangu, tunarudi Unguja kwa bibi yako," alisema, nami nikamwamini. Unguja niliijua kwa harufu ya udi kwenye barua za bibi tu. Shoga yangu alikaa hapa hapa London, mtaa wetu wa Harrow, nyumba ya pili kutoka kwetu, nami sikutaka kumwacha. Kwa hiyo kila alasiri, sebule ikinuka mafuta ya taa ya hita, nilifika ukurasa wa tatu nikavuruga. Hata ningejitahidi nisingeuweza. Hujuma yangu haikuhitajika.

"Bado?" baba aliuliza.

"Bado."

Alicheka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sikujua kwamba tangu Mapinduzi hakuruhusiwa kurudi, na kwamba alitafuta kipande kigumu ili nisimuulize tutaondoka lini.

Alasiri moja nikiwa napiga, simu ililia. Baba alisikiliza, akasema, "Inna lillahi," kisha akauliza wanamzika saa ngapi. Alipoweka simu alikuja kukaa kando yangu, akaondoa karatasi za muziki taratibu.

"Basi, mwanangu," alisema. "Bibi hayupo tena. Sasa piga unachokiweza."