Wagonjwa Wangu Wana Miguu Minne

Nilipokuwa kidato cha nne, dunia ilikuwa na kazi nne tu: udaktari, ualimu, uhasibu na uchungaji. Kilimo hakikuhesabiwa kuwa kazi. Ndicho kilichokupata ukizikosa zile nne. Mama alinichagulia udaktari nikiwa darasa la tatu, siku nilipomtoa shangazi mwiba unyayoni bila shangazi kupiga kelele.

Matokeo yalipotoka, kemia ilinikataa waziwazi. Nikapangiwa chuo cha mifugo. Mama alilia siku nzima, kisha akafuta machozi, akajifunga kitenge, akaenda kwenye kikao cha akina mama wa usharika pale Makambako na kuwatangazia kwamba binti yake anasomea udaktari. Maneno mawili yaliyobaki, "wa mifugo", aliyameza. Mama yangu ni mtu wa kanisa na hasemi uongo. Husema nusu ya ukweli, akaiacha nusu nyingine ijitafutie njia.

Chuoni nikaipenda kazi ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuiandika ubaoni: uhamilishaji. Kwa Kiswahili cha kueleweka, ng'ombe jike akihitaji dume, mimi ndiye dume. Mbegu huwekwa kwenye vimirija vyembamba, vikagandishwa ndani ya mtungi wenye baridi inayofanya Julai ya Njombe ionekane kama Tanga. Ng'ombe akianza kulia na kupanda wenzake, mwenyewe hupiga simu, nami hupanda pikipiki na mtungi wangu. Mkono wa kushoto, ndani ya glavu inayofika begani, hupita kule kunakotoka samadi ili kukishika kizazi kwa ndani. Mkono wa kulia hupitisha mrija mahali panapostahili. Dakika chache, kwisha. Hakuna posa wala mshenga.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mstaafu, nje kidogo ya mji wa Njombe, mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa aliyempenda kuliko wakwe zake, na alilisema hilo mbele yao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mtaalamu yuko wapi?" Alichungulia nyuma ya pikipiki kana kwamba nimemficha huko.

"Ni mimi."

"Na dume?"

"Yumo humu kwenye mtungi."

Aliutazama mtungi kwa muda. "Kumbe tumefika huku," alisema. "Hata ng'ombe hawaonani tena."

Muda wote nilipofanya kazi alinigeuzia mgongo akatazama shamba la viazi, kwa adabu, kama mtu aliyewakuta wakwe wanaoga. Mkewe ndiye aliyeshika kamba. Ng'ombe alinishukuru kwa kuninyea hadi kiunoni. Miezi tisa baadaye alizaa ndama jike, na tangu siku hiyo yule mzee akiniona sokoni huniita kwa sauti, mbele ya watu: "Mzazi mwenzangu!"

Mimi nilikwishazoea. Tatizo lilikuwa mama. Wenzake hawakuchoka kumuuliza huyo daktari wake anatibu nini hasa. Siku moja walimbana, naye akajibu, "Ni wa mambo ya uzazi. Wale wanaochelewa kushika mimba, ndio kazi yake." Kila neno lilikuwa kweli.

Basi Jumapili moja nimekwenda kumsalimia Makambako, tunakunywa chai, upepo unayagonga mabati kama unadai kufunguliwa, akaingia mama mmoja ambaye ni mzee wa kanisa usharikani kwao. Kwapani alikuwa na jogoo. Nyuma yake alikuwa msichana aliyejifunga vitenge viwili na kutazama chini.

"Daktari, hatujaja kukaa sana," yule mama alisema. "Huyu ni mke wa mwanangu. Mwaka wa nne huu, kimya." Akaonyesha tumbo la msichana kwa kidevu.

Nilimgeukia mama yangu. Ghafla alikuwa ameona uchafu kwenye kifuniko cha chupa ya chai, na alikuwa akiusugua kwa bidii.

"Mama yangu amewaambia nini kuhusu kazi yangu?"

"Kwamba unawasaidia waliochelewa. Na tumesikia kuna mmoja amezaa hadi mapacha."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilimkumbuka vizuri. Alikuwa na pembe moja.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Wagonjwa wangu wana miguu minne."

Yule msichana akaanza kucheka. Alijiziba mdomo kwa kitenge, akacheka mpaka mabega yakatikisika, na sikuweza kujua ni wapi kicheko kiliishia na kilio kikaanza.

Mkwewe alisimama, akamkumbatia jogoo wake vizuri, akafika mlangoni, akarudi. Nadhani hakutaka kuwa ametembea bure. "Ng'ombe au mtu, uzazi ni uzazi," alisema. "Ninyi mkimkuta asiyeshika, mnafanyaje?"

Nilipaswa kumwambia waende hospitali, basi. Lakini nikiona aibu mdomo wangu hukimbia mbele.

"Akipandishwa mara tatu asishike, hatumpeleki mnadani kabla ya kuangalia mbegu. Wakati mwingine ng'ombe hana shida yoyote. Mwenye kasoro ni dume."

"Dume." Alilitamka neno hilo polepole. "Unamsema mwanangu?"

"Mwanao simjui, mama. Nasema ng'ombe."

Hapo yule msichana akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu aliposalimia. "Mimi nimepimwa mara mbili," alisema. "Wakasema sina tatizo, nije na mwenzangu. Yeye hataki."

Mkwewe aligeuka akamtazama. Alikuwa hajui, hilo lilionekana wazi usoni. Akamuuliza jambo kwa Kibena, kwa sauti ya chini. Akajibiwa kwa sauti ya chini zaidi. Kisha akamweka jogoo sakafuni.

"Ataenda," alisema. "Nitampeleka mwenyewe, kama nilivyompeleka kliniki akiwa mtoto."

Walipoondoka mama alinigeukia. "Umeniaibisha."

"Mimi?"

"Sasa nitawaambia nini wenzangu?"

"Waambie ukweli wote, si nusu."

"Kwamba mwanangu anaingiza mkono kule..."

"Hapo, mama, ishia nusu."

Alijaribu kukasirika, akashindwa.

Miezi miwili baadaye simu iliita. Alikuwa yule msichana. Alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, alipewa na baba yake alipoolewa, na tangu alfajiri ng'ombe huyo alikuwa analia. Nikaenda jioni. Alishika kamba mwenyewe, na hakugeuka kutazama viazi. Alisogea karibu mpaka nikamwomba anipishe kidogo nione. Aliuliza maswali ambayo wenzangu chuoni hawakuwahi kuyauliza. Nilipokuwa nanawa, akauliza la mwisho.

"Dada, kazi hii inasomewa wapi?"

Alikuwa amemaliza kidato cha nne akafaulu baiolojia, kisha akaolewa. Nikamwambia kuna kozi fupi. Nikamwambia pia kwamba inanuka, kwamba watabuni majina ya kumwita, na kwamba ng'ombe hajui Krismasi. "Lakini ng'ombe ni wengi," nikasema, "na sisi tunahesabika."

Watu huniuliza kama alipata mtoto. Sijui, na sijawahi kumuuliza. Mumewe alikwenda hospitali. Nilisikia mama yake alimtangulia njia nzima kama anayempeleka darasa la kwanza. Walichoambiwa huko ni chao.

Ninachojua ni kwamba kozi aliimaliza, na sasa upande wa Makambako ni wake, wa Njombe ni wangu. Siku yake ya kwanza kazini alinipigia, nikasikia watu wengi wanacheka nyuma yake.

"Dada, nimepigwa teke. Nimeangukia kwenye samadi, uso na yote."

"Na mrija?"

"Ulikuwa umeshaingia," alisema.