Maneno Arobaini na Moja kwa Sekunde Thelathini

Niliyahesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Maneno arobaini na moja ndani ya video ya sekunde thelathini. Binti wa dada yangu alikuwa amesimama mbele ya meza yangu ya viungo sokoni, anasubiri sifa.

"Mamdogo, umeionaje?"

"Bado nahesabu."

"Hii ni video, Mamdogo, siyo fungu la nyanya."

Kwa miaka yote niliyouza viungo hapa Morogoro sijapokea kitu bila kukihesabu, na mwenye nacho akija anatabasamu, nakihesabu tena.

Shughuli yenyewe ilikuwa hivi. Kina mama wa kikundi kimoja cha Kinole, kule milimani, wale wanaoniletea pilipili manga na mdalasini, walikuwa wamepewa nusu dakika kwenye televisheni kubwa ya maonyesho ya wakulima. Nusu dakika, tena bila sauti, maana pale kila banda lina spika yake na hakuna anayemsikia mwenzake. Kwa hiyo maandishi ndiyo yaseme, juu ya picha walizopiga wenyewe shambani kwa simu. Binti alikuwa amemaliza chuo, na mwaka mzima alikuwa Bigwa kwa mama yake, akitengeneza kwenye kompyuta herufi zinazotembea ambazo hakuna aliyemwagiza. Mwenyekiti wa kikundi alimwahidi: nikiipenda hii, video zetu zote na lebo zetu zote utatengeneza wewe. Asipoipenda, basi. Angeshuka Jumamosi kuitazama. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Niseme haki, binti anaijua kazi. Mwanzoni punje nyeusi zinamwagika kwenye ungo, zinabingirika, halafu zinajipanga zenyewe na kuwa neno PILIPILI. Hapo nilitamani kununua, na mimi ndiye muuzaji. Lakini baada ya hapo herufi zilipandwa na wazimu. Nyingine ziliruka kutoka kushoto, nyingine zikazunguka kama pia, neno "ubora" likavimba mpaka likapasuka. Mwishoni kabisa, juu ya picha ya milima yenye ukungu, maneno meupe yalipanda polepole, moja moja, yakafifia.

"Tuwaulize watu," nikasema.

Jirani yangu anayeuza dagaa alishika simu, akatazama. Yale maneno meupe yalipoanza kupanda, akavuta khanga kichwani.

"Jamani! Nani tena?"

"Nani nini?"

"Si tanzia hii? Wanazika huko huko Kinole?"

Sikumlaumu. Kwenye makundi yetu ya simu msiba huja hivyo hivyo: picha iliyofifia, maandishi meupe yanapanda taratibu kama yanaitwa mbinguni. Mtu wa hapa akiyaona haulizi bei. Anauliza rambirambi anampa nani.

Tukamwonyesha muuza ndizi. Huyu alifurahi mno, akaomba kurudia.

"Sista, mnatengeneza kwa shilingi ngapi? Nina harusi Desemba."

"Kwani hapo umeona kinauzwa nini?" nikamuuliza.

"Si herufi?"

Binti alikunja uso. "Hawa wawili siyo wateja wa pilipili."

"Hawa ndio watakaopita pale kwenye televisheni, muhogo wa kukaanga mkono huu, mtoto mkono ule. Watakupa jicho moja tu, tena kwa mkopo."

Tukakaa nyuma ya meza, kompyuta yake magotini, biashara ikaanza.

"Nibakishie maneno matano," nikasema.

"Thelathini na tano."

"Umepunguza sita tu! Hata mchuuzi wa stendi ana huruma kuliko wewe. Hili 'bora' lina kazi gani? Umewahi kuona mtu anatangaza pilipili mbovu?"

Akalifuta kwa hasira. Likafuata "halisi", likafuata "ya kipekee". Ilipofika saa kumi tulikuwa tumefika tisa, nikahesabu tena, tisa kweli: *Pilipili manga ya Kinole. Imechumwa kwa mkono, imekaushwa juani.*

Ugumu ulikuwa kwenye mwendo. Mimi nilitaka herufi zisimame zitulie. Yeye akaniuliza, "Zikisimama tu, Mamdogo, tofauti yake na bango ni nini?" Nikajifanya namhudumia mteja wa binzari. Niliporudi tulikubaliana jambo moja: herufi itembee pale tu ambapo pilipili yenyewe inatembea. Zile punje za kwenye ungo zikabaki. "Imechumwa kwa mkono" ikawa inadondoka neno kwa neno, kila mkono unapochuma. Na "imekaushwa juani" imelala palepale kwenye mkeka, haiendi popote, inabadilika tu kutoka kijani kuwa nyeusi. Hilo la mwisho ni wazo lake. Niliumia kidogo kwamba siyo langu.

Jumamosi mwenyekiti alishuka na mizigo yake. Ni mama mtu mzima, na husoma kwa kidole, silabi kwa silabi, kwa sauti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Haya, nionyesheni hiyo sinema."

Akaishika simu mbali, urefu wa mkono. Binti alikuwa anatafuna kucha. Mimi nilikuwa nahesabu sekunde kimoyomoyo.

"Pi-li-pi-li... manga... ya Kinole," alisoma. "I-me-chu-mwa... kwa mkono." Sekunde ishirini zikapita. "I-me-ka-u-shwa..." Ishirini na tano. "Jua-ni."

Neno lilikuwa bado pale kwenye mkeka, linamalizia kuwa jeusi.

"Nimemaliza mimi kwanza," akasema, akatucheka. "Zile za kwenye simu ya mjukuu wangu hunikimbia, naambulia mkia. Rudisha."

Tukarudisha. Safari hii hakusoma, alitazama.

"Huu mkono si wangu?"

"Ndiyo, bibi," binti akajibu.

"Hamkuuziba kwa maneno. Vizuri." Akanirudishia simu, akaanza kufungua gunia lake. "Na mdalasini unaanza lini?"

Binti hakujua kwamba hilo ndilo jibu. Nikamfinya. "Sema Jumatatu."

"Jumatatu, bibi."

"Jumatatu asubuhi," akasema mwenyekiti, "na uje na viatu vya kupandia mlima. Mdalasini haushuki mjini kupigwa picha."