Mlangoni pa Kanisa, Mabega na Magoti

Kila mwaka, tangu Pasaka hadi mwisho wa msimu wa kuvuna zabibu, Donata Tondo alikuwa akikaa mlangoni pa kanisa letu, kwenye kiti cha mbao chenye mto, miguu ameipandisha juu ya kreti tupu la bia nililompa mimi. Ubavuni pake palikuwa na kapu la mitandio. Kazi yake ilikuwa kuangalia kwamba hakuna mgeni anayeingia ndani na mabega wazi, wala na kaptura au sketi inayoacha magoti nje.

Mimi ninaitwa Ippazio. Nina baa ya kahawa ng'ambo ya uwanja, mkabala na mlango huo, na mke wangu Uccia ni shoga yake Donata tangu utotoni. Kwa hiyo haya nayasimulia kama mtu aliyeyaona.

Donata alikuwa mshonaji wa viatu kiwandani. Kiwanda kilipofungwa, na mumewe Pantaleo akafariki muda si mrefu baadaye, paroko wa wakati ule alimwomba akae mlangoni kwa muda tu, mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana. Paroko akahamishwa, akaja Padre Cosimo, naye alimkuta Donata pale akadhani ndivyo mambo yalivyokuwa siku zote.

Mwanzoni palikuwa na mitandio ya karatasi, ile inayochanika mtu akipiga chafya. Donata hakuipenda. Alichukua mapazia ya zamani ya nyumbani kwake na vitambaa vya meza vya watu waliokufa, akakata mitandio, akashona pindo. Jioni aliibeba nyumbani yote, akaifua, akaianika darini. Asubuhi ikarudi kapuni.

Maneno ya kigeni aliyoyajua yalikuwa mawili tu, lakini aliyajua kwa lugha sita: mabega na magoti.

"Dada Donata," nilikuwa nikimtania ninapompelekea kahawa ya barafu na maziwa ya lozi, "mtu akikusikia atadhani una bucha."

"Bucha ingekuwa nafuu. Nyama haimjibu mtu."

Na kweli alijibiwa. Kuna waliocheka, kuna waliong'aka, kuna kijana mmoja aliyejifunga mtandio kichwani akacheza huku wenzake wakimpiga picha. Wengine waliivua huko ndani wakaiacha juu ya mabenchi. Wengi walikuwa watu wema waliosahau tu, jua lilikuwa kali, wametoka ufukweni. Lakini hata mtu mwema ukimzuia mlangoni uso wake hubadilika kwanza, ndipo anakumbuka wema wake. Donata aliuona uso ule tangu asubuhi mpaka jioni. Nadhani hilo ndilo lililomchosha, kuliko miguu. Na miguu yenyewe ilikuwa mibaya, mishipa imetutumka kama kamba.

"Waache waingie walivyo," Uccia alimwambia siku moja. "Mungu hajapata kuona bega?"

"Mungu ameona. Bi kizee anayesali rozari benchi la mbele ndiye hajazoea."

Binti yake, Loredana, ni muuguzi Ujerumani. Huja kila Agosti, kwa sababu Agosti ndiyo misa ya kumwombea baba yake. Mwaka ule treni ilikwama njiani, ikachelewa sana, naye akatoka stesheni moja kwa moja hadi kanisani, anavuta sanduku juu ya mawe. Kengele ilikuwa imeshagonga. Alivaa gauni la rangi ya bluu iliyokoza, halina mikono, limeishia juu ya magoti. Gauni la safari.

Donata alikuwa ametoka kuzuia kundi la vijana wa kigeni. Walikuwa bado wamesimama pale, wamenuna, wanabishana wao kwa wao.

"Mama, nipishe, wameshaanza," Loredana alisema, akainama kumbusu.

"Chukua mtandio."

"Mama, ni mimi."

"Nimekuona. Chukua mmoja wa juu, mwingine ujifunge kiunoni."

"Nimebatizwa humu. Anayeombewa humo ndani ni baba yangu. Unataka nijifunge pazia la sebuleni kwetu kama mtalii?"

"Hawa nimewakataza sasa hivi, Loredana. Wanatuangalia."

"Kwa hiyo mimi na hawa ni sawasawa?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa baa yangu, nikaona Donata amefumba macho kidogo. Kisha akasema, "Hapa mlangoni, ndiyo."

Loredana hakugusa kapu. Alilaza sanduku lake chini, akalikalia, palepale juani, mpaka misa ikaisha. Watu walitoka wakimpa pole, naye akazipokea akiwa ameketi. Kisha akaja kwangu, akaomba maji, akanywa glasi nzima bila kuniangalia. Alikuwa amepanga kukaa mpaka mwisho wa mwezi. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshaondoka.

Uccia alimjia juu Donata. "Ungemwachia tu! Mtoto wako, kwa misa ya baba yake!"

"Na wale vijana ningewaambia nini?"

"Ungewaambia ni mwanao!"

"Kwa lugha gani, Uccia?"

Baada ya hapo Loredana alipiga simu Jumapili tu. Anauliza presha, anauliza dawa, anakata. Donata alimaliza msimu, majira yote ya baridi yakapita bila yeye kulitaja jambo hilo, ila nilimwona amekonda, na akipanda ngazi za darini na beseni la nguo anapumzika katikati.

Mwezi wa Mei uliofuata Padre Cosimo aliandaa hija kwenda Ugiriki: meli kutoka bandari ya Brindisi, halafu basi hadi kule milimani ambako monasteri zimejengwa juu ya majabali. Donata hakutaka. Uccia alituandikisha sisi wawili, na Donata pia bila kumuuliza.

"Utaenda kuona makanisa ya wengine," alimwambia. "Utakaa kwenye benchi, wengine wakufanyie kazi."

Daktari alikuwa amemwandikia Donata soksi nene za kubana miguu, zenye rangi ya ugonjwa, naye alizionea haya. Basi alijishonea suruali ya kitani, nyeusi, pana, ndefu hadi kwenye viatu. Juu alivaa blauzi nyeupe ya mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi kooni. Alitoka chumbani hotelini asubuhi ile amenyooka kwa pasi.

"He! Umekuwa hakimu," Uccia alisema.

"Ndivyo mtu anavyokwenda kanisani," Donata akajibu, na nilimwona ana furaha kidogo.

Ngazi za monasteri zimechongwa ubavuni mwa jabali. Donata alipanda akisimama, akipanda akisimama, mimi nyuma yake. Tulipofika juu wenzetu walikuwa wameanza kuingia. Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mtawa mmoja wa kike, mzee, mfupi, mavazi meusi hadi kwenye nyusi. Aliniangalia mimi, akanipitisha. Akamwangalia Uccia na sketi yake, akampitisha. Akamwangalia Donata na suruali yake, akatikisa kichwa.

"Sketi," alisema, kwa lugha yetu. Huenda ndilo neno pekee alilolijua. Akaingiza mkono katika sanduku la karatasi ngumu, akatoa kitambaa chenye maua ya kahawia na mpira kiunoni, kimekunjamana, bado kina unyevu wa jasho la mtu aliyetangulia.

Donata hakukipokea. "Mimi?"

"Sketi."

"Lakini suruali imefunika. Tazama, hadi chini! Hata mguu hauonekani." Akageuka kwangu. "Mwambie, Ippazio. Mwambie mimi mwenyewe ninakaa mlangoni!"

Nani kati yetu anajua Kigiriki? Padre Cosimo alikuwa ameshaingia ndani. Nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana, mtu mmoja akapumua kwa nguvu ile ya kukuambia harakisha. Uso wa Donata ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Uccia akamnong'oneza, "Vaa tu, shoga, dakika moja," naye Donata akamjibu kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake, "Wewe nenda!"

Akatoka kwenye mstari. Nilidhani atashuka, lakini miguu haikuweza tena. Alikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe, akageuzia mlango mgongo. Nikakaa naye. Uccia aliingia kwa aibu.

Nyuma yetu mtawa aliendelea: sketi, sketi, sketi. Mwanamume mmoja mrefu mwenye kaptura alimbishia kwa sauti, akimwonyesha tiketi, na mtawa hata hakuinua macho, alingoja tu amalize.

"Amechoka huyu," Donata alisema baadaye.

"Nani?"

"Huyu mtawa. Sikiliza anavyolisema hilo neno. Halina tena kitu ndani yake."

Mstari ulipopungua, mtawa aliinuka. Ilimchukua muda. Alishika kiti, kisha ukuta, mkono mwingine mgongoni. Miguu yake ilikuwa imevimba, imefurika juu ya kamba za kandambili. Kwenye ukuta, upande wa jua, palikuwa na kamba ya nguo, na vitambaa vilivyofuliwa vimeanikwa. Alivipapasa, akachagua kimoja kilichokauka, cheusi, akaja nacho polepole mpaka tulipokaa.

Donata alimtazama, akasimama.

Mtawa hakumkabidhi. Alimzungushia mwenyewe kiunoni, akafunga fundo ubavuni, akavuta pindo upande huu na upande ule mpaka likalingana, kama mama anavyomweka sawa mtoto anayekwenda shule. Kisha akagonga magoti yake mwenyewe kwa ngumi, akakunja uso, akasema kitu. Donata aliinua kidogo mguu wa suruali, akamwonyesha zile soksi. Wote wawili wakacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Mtawa akarudi kitini.

Ndani hatukukaa sana. Kuta zote zimechorwa watakatifu, lakini Donata hakutazama juu.

"Nilihisi kila mtu ananitazama nyuma," aliniambia tulipokuwa tunashuka.

"Hakuna aliyekutazama, dada."

"Najua. Lakini ukivishwa kitu cha watu mbele za watu, ndivyo unavyohisi. Nimewavisha wangapi mimi, na sikujua."

Kwenye basi aliketi kiti cha mbele yetu, akampigia simu Loredana. Simu yake huwa na sauti ya juu kwa sababu hasikii vizuri, kwa hiyo tulisikia yote, tukitaka tusitake. Ilikuwa Jumatano.

"Mama? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimezuiwa kanisani."

"Wewe?"

"Mimi. Kwa sababu ya suruali."

Loredana alicheka mpaka akakohoa. Uccia alijiziba mdomo kwa leso. Donata alingoja, kama alivyozoea kungoja watu wamalize.

"Nilikuzuia kwenye misa ya baba yako," alisema.

Kicheko kikakoma. "Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu."

"Nilijua. Mimi pia. Nilitoka zamu ya usiku nikaingia kwenye treni ile."

"Ilinipasa kusimama. Ningekuvika mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Nisingekubali."

"Pengine."

Basi lilipinda kona kadhaa. "Pengine ningekubali," Loredana akasema. "Sasa kunywa maji, huko kuna joto."

Tuliporudi nyumbani, kabla msimu haujapamba moto, Donata alimfuata Padre Cosimo sakristia, chumba cha mavazi ya misa, akamwambia kwamba atakaa mlangoni asubuhi tu.

"Na mchana nitampata wapi mtu, mama Donata?"

"Sijui, Padre. Mimi nimechoka."

Kwa miaka yote ile hakuwa amemwambia. Padre aliomba radhi, na mchana wa kwanza akakaa mwenyewe. Ilikuwa balaa. Mwanamke mwenye mabega wazi akija, Padre anatazama mawingu, na mwanamke anapita. Sasa mchana kanisa hufungwa kwa wageni, na wanaokuja kulalamika ninawauzia kahawa.

Asubuhi Donata yupo. Wabishi anawaonyesha kapu tu, basi. Lakini akimwona mtu aliyeduwaa, ambaye hajui ashike wapi afunge wapi, huinuka, kwa shida, akamfunga mwenyewe. Hata hivyo bado wanamnunia, na jioni bado anafua.

Loredana hakuja Agosti ile, zamu hazikumruhusu. Alikuja Novemba, kwa sikukuu ya marehemu wote, mvua inanyesha na kila mtu amejifunika hadi kidevuni. Waliketi benchi moja, mtu na mamaye. Mahubiri ya Padre Cosimo yalirefuka kama kawaida yake, na yalipofika katikati nikaona kichwa cha Donata kimemlalia binti yake, mdomo wazi kidogo, usingizi mzito. Uccia alitaka kunyoosha mkono amwamshe. Loredana akamzuia kwa macho, akakaa bila kutikisika mpaka watu wote wakasimama.